Dawa ya Siku Tatu Aliyonyimwa Bi Gaynor

Bi Gaynor Threlfall alianza kuumwa Jumatano, na mpaka Ijumaa alasiri alikuwa hajamwambia mtu. Sababu ya kwanza ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia. Sababu ya pili ni kwamba hata angekuwa naye, asingemwambia. Watu wa Ormsclough, mji mdogo wa Uingereza, ndivyo walivyo. Mkute mmoja wao kalala barabarani chini ya baiskeli yake, muulize hali, atakujibu kwamba si mbaya, asante, na wewe je?

Kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa shule. Kwa miaka kumi na tisa alisimama ukingoni mwa Barabara ya Stesheni, asubuhi na alasiri, ndani ya koti refu la manjano linalong'aa, mkononi kashika fimbo ndefu kuliko yeye, yenye kibao cha duara kilichoandikwa SIMAMA. Fimbo ile ina sura ya pipi ya kijiti, basi watoto wakamwita Bi Pipi, na wazazi wakafuata. Akishuka barabarani, lori la mawe linasimama. Akiinua mkono, basi linangoja. Watu zaidi ya mia mbili walimsalimia kila siku, na katika hao mia mbili hakuna aliyejua mlango wa nyumba yake una rangi gani.

Salamu zenyewe zilikuwa za hali ya hewa. "Baridi leo, Bi Pipi." "Baridi, lakini angalau hakuna mvua." Kesho yake: "Mvua tena, Bi Pipi." "Mvua, lakini angalau si baridi." Mtu anaweza kuishi kwa maneno hayo miaka kumi na tisa, na yeye aliishi.

Mume wake, Desmond, alifariki miaka mitatu nyuma, mwezi wa Machi, akiwa kwenye kiti chake, gazeti la mbio za farasi limemwangukia mapajani. Hawakujaliwa watoto. Baada ya mazishi Bi Gaynor alijikaza kisabuni, akarudi kivukoni Jumatatu, na watu wakamwambia pole, baridi leo. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni buli la chai. Lilikuwa la vikombe vinne, viwili vya Des na viwili vyake. Kulijaza kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni ufujaji, kulijaza nusu aliona ni msiba. Akalifungia kabatini. Tangu hapo alikunywa kikombe kimoja asubuhi na kingine akikumbuka, na kwa kuwa kivukoni hapakuwa na choo, mara nyingi aliona heri asikumbuke.

Ng'ambo ya kivuko palikuwa na duka la magazeti la Bwana Yoganathan, mtu wa Sri Lanka, ambaye mji mzima ulimkata jina ukamwita Nathan bila kumuuliza. Bi Gaynor alichukua gazeti lake pale kila siku ya Mungu, Jumapili nayo ikiwemo. Nathan alikuwa ameliweka tayari chini ya kaunta, limekunjwa mara mbili, na wakaambiana habari za mvua. Mara moja tu katika miaka yote hiyo alilikuta duka limefungwa, siku kumi mfululizo. Lilipofunguliwa tena alimwambia Nathan, kwa ukarimu wote, kwamba natumaini ulipata jua huko likizoni. Nathan akasema ndiyo, lilikuwa kali sana. Wakaachana hapo.

Sasa hiyo Jumatano mkojo ulianza kumchoma kama pilipili. Alhamisi akawa anakwenda chooni kila nusu saa na kutoa matone. Kumpigia daktari kulimshinda kwa sababu ambayo kila mtu wa pale anaijua: simu za zahanati hufunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na ikifika saa mbili na dakika ishirini nafasi za siku nzima zimekwisha. Saa hizo zote yeye alikuwa barabarani na fimbo. Simu unaweza kuipiga ukiwa umesimama katikati ya barabara, lakini si ukiwa umeshikilia lori.

Lilibaki duka la dawa. Dirishani mwake palikuwa na bango kubwa: koo, sikio, mkojo unaochoma, usimngoje daktari, mwone mfamasia. Ijumaa baada ya kuvusha mtoto wa mwisho, Bi Gaynor alipiga moyo konde akaingia. Ndani kulikuwa na foleni ya akina mama wa shuleni, sita au saba, wote wanamjua.

"Bi Pipi!" akasema mmoja. "Kumbe na wewe huwa unaumwa?"

Wakacheka, na yeye akacheka. Ikafika zamu yake. Bi Nusrat, mfamasia ambaye ndiye aliyekuwa akimpangia Des vidonge vyake, alimtazama kwa upole akamuuliza amsaidie nini. Bi Gaynor alisikia nyuma yake akina mama wamenyamaza, si kwa umbea, walikuwa wamechoka tu. Lakini masikio walikuwa nayo. Atasema nini? Mkojo? Mbele ya mama yake Poppy, mtoto anayemvusha kila siku?

"Pipi za koo," akasema. "Za limau."

Akalipa, akatoka. Nina hasira naye mpaka leo kwa pipi zile za limau.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Posta ilimletea barua mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya Avril, binamu wa Des, anayeishi Whitby na ambaye kila mwaka hukosea jina lake akaandika Gaynore. Ya pili ilikuwa ya zahanati, ikimpongeza kwa kutimiza umri wa miaka sitini na mitano na kumkaribisha kwenye chanjo. Alizisimamisha zote mbili kwenye rafu ya sebuleni, kisha akaenda chooni, na safari hii aliona maradhi haya hayangoji tena. Akavaa koti la kawaida, akarudi duka la dawa.

Siku hiyo foleni haikuwepo, na Bi Nusrat naye hakuwepo. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mgeni kabisa.

"Mimi naitwa Rhodri," akasema. "Namshikia Bi Nusrat zamu. Njoo huku chumbani, mama, tuzungumze bila masikio ya watu."

Chumbani mlikuwa na viti viwili na kompyuta. Mbele ya mtu asiyemjua, Bi Gaynor aliweza kusema.

"Ni huko chini. Maji."

"Yanachoma?"

"Kama pilipili."

"Unakwenda mara kwa mara?"

"Mwanangu, nikikaa hapa dakika kumi utalazimika kunionyesha choo chenu."

Rhodri akacheka. Akamuuliza kama ameona damu, akasema hapana. Kama ana homa, hapana. Mgongo? "Mgongo unaniuma tangu nilipozaliwa." Maji anakunywa kiasi gani? Hapo Bi Gaynor akatazama viatu vyake.

"Sawa," akasema Rhodri. "Hii inaelekea ni ile ya kawaida kabisa ya akina mama. Tunayo dawa ya siku tatu, na kwa umri wako huu unaoonekana hapa wala hatumhitaji daktari. Nipe tarehe ya kuzaliwa."

Akamtajia. Vidole vya Rhodri vilipiga vibonye, halafu vikasimama.

"Loo," akasema. "Hongera kwa siku ya kuzaliwa, Bi Threlfall."

Ilikuwa saa tano na nusu, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia hivyo kwa mdomo. Bi Gaynor alishukuru, na alishukuru kwa dhati.

"Ila sasa hapo ndipo penye tatizo," akaendelea Rhodri. "Ruhusa yetu ya kutoa dawa hii bila daktari inaanza miaka kumi na sita na kuishia sitini na minne. Ukitimiza sitini na mitano, mimi nafunga mkono. Lazima daktari akuone, apime mkojo."

"Lakini jana nilikuwa na sitini na minne."

"Ungekuja jana ungeondoka na dawa."

Bi Gaynor alifikiria pipi za limau. Zilikuwa mfukoni mwake wakati huo huo, pakiti haijafunguliwa.

"Kwa hiyo nimelala mtu mzima, nimeamka bibi kizee?"

"Si mimi niliyeandika, mama. Ningeandika mimi ningekuongeza wiki."

"Na hawa waliochora huo mstari, wanadhani nini kinatokea usiku wa manane? Kuna kitu kinakatika?"

"Hakuna kinachokatika. Ila mstari lazima wauchore mahali." Rhodri akasogeza kiti. "Nikuambie sababu yao, si ya kijinga. Kadiri umri unavyokwenda, uchafu huu wa mkojo unaweza kupanda kwenye figo au kuingia kwenye damu haraka. Na wazee wengine hata hawasikii maumivu makubwa. Wanaanza tu kuchanganyikiwa. Mtu anaongea mambo ya mwaka arobaini na saba, anavaa viatu kichwani. Na yeye mwenyewe hajui, hilo ndilo baya. Anayejua ni mtu aliye pembeni yake." Akamtazama. "Nyumbani kuna mtu?"

Swali lilikuwa dogo. Bi Gaynor alikuwa ameulizwa maswali ya aibu zaidi dakika chache tu nyuma, akayajibu. Hili lilimshinda. Angesema hapana, kijana huyu angeweka ile sura ya pole, angeanza kupiga simu huku na huku kwa ajili yake, pengine angemwita mtu wa ustawi wa jamii, na watu wangesumbuka.

"Yupo mume wangu," akasema.

"Vizuri sana. Anaitwa nani?"

"Des."

"Basi namwandikia Des." Rhodri akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti: kwa Bwana Threlfall, tafadhali mwangalie mkeo. Akitetemeka, akipata homa, akitapika, akiumwa ubavuni, au akianza kuongea visivyo au kusahau leo ni siku gani, usingoje, ita gari la wagonjwa. "Na nikupigie simu ya daktari wa zamu sasa hivi? Ni dakika chache tu."

"Usijisumbue, mwanangu, una kazi. Nitapiga nikifika."

"Leo lakini. Siyo Jumatatu. Umeniahidi?"

"Nimekuahidi."

Alikunja karatasi vizuri, akaenda nayo nyumbani, akaiweka juu ya mkono wa kiti cha Des.

Simu alipiga kweli, tusimsingizie. Akajibiwa na sauti iliyorekodiwa, ikamweleza kwamba watu ni wengi, angoje. Akangoja, muziki ukapigwa. Akawafikiria hao watu wengi: mtoto mwenye degedege, mzee mwenye kifua. Nyuma yake kwenye foleni huenda kuna mama analia, na yeye kamziba njia kwa ajili ya mkojo. Kuna watu wanaumwa kweli, akajisemea, akakata simu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kule hawana methali hiyo, na hata wangekuwa nayo wangeificha.

Ilipofika magharibi alianza kutetemeka. Alijifunika blanketi, akachukua ile karatasi, akaisoma kwa sauti kana kwamba anamsomea mtu. Halafu akajitahini mwenyewe. Leo siku gani? Jumamosi. Mama yako alikuwa anaitwa nani? Edna. Viatu viko wapi? Miguuni. Mtahini yeye, mtahiniwa yeye, na alama zote alipata. Akaenda kulala ameridhika, lakini kabla ya kuzima taa alifikiria jambo lililomtia baridi zaidi ya homa: nikikosea jibu, nani atasahihisha?

Alipoamka kulikuwa kunapambazuka, na kila kitu kilikuwa wazi sana. Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amechelewa. Des alikuwa jikoni akichemsha maji, alimsikia kabisa, na buli lilikuwa mezani, ingawa alipopita halikuwepo. Alivaa koti la manjano juu ya nguo ya kulalia, akavaa kofia nyeupe, akachukua fimbo yake ukumbini. Des akamwambia avae soksi mbili mbili. Akacheka, akatoka na kandambili. Homa ilikuwa imeshapanda, na yeye hakujua, kwa sababu akili iliyopaswa kujua ndiyo iliyokuwa imeshikwa na maradhi.

Saa mbili na robo alikuwa mahali pake. Barabara ilikuwa tupu, mvua nyembamba inanyesha. Watoto wamechelewa leo, akawaza, na akawaonea huruma, maana mwalimu mkuu alikuwa mkali. Likaja gari dogo la kijivu. Bi Gaynor akashuka barabarani, akasimika fimbo, akanyoosha mkono wa pili. Gari likasimama. Yeye naye akasimama, akitazama ukingo wa barabara usio na mtu, akiwangoja wavuke.

Dereva alingoja kwanza kwa adabu, maana ni mtu wa Ormsclough. Halafu akapiga honi kidogo, kama mtu anayekohoa.

"Subira," Bi Gaynor akamwambia. "Wana miguu mifupi hawa."

Nathan aliyaona hayo kupitia dirishani. Alikuwa akipanga magazeti ya Jumapili, yale mazito yenye kurasa ndani ya kurasa. Alitoka bila koti.

"Bi Gaynor."

"Habari, Nathan. Mvua, lakini angalau si baridi."

"Bi Gaynor, leo Jumapili."

"Wewe unauza magazeti au kalenda?"

"Magazeti. Na lako la Jumapili liko chini ya kaunta." Akamsogelea, akaiona nguo ya kulalia chini ya koti, akaziona kandambili, na vidole vyekundu kwa baridi. "Jana ulichukua la Jumamosi. Baada ya Jumamosi huja nini?"

Bi Gaynor akafikiri. Lilikuwa swali gumu. "Des anajua," akasema. "Muulize Des. Yuko nyumbani, anatengeneza chai."

Sasa hapo ndipo Nathan alipojua. Mtaa mzima ungeweza kusahau, lakini si yeye. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka magazeti mawili chini ya kaunta kwa ajili ya nyumba ile, la kwake Bi Gaynor na la mbio za farasi, na ni Bi Gaynor mwenyewe aliyeingia dukani asubuhi moja ya Machi akamwambia usiliagize tena lile la pili. Hakusema kwa nini, wala Nathan hakuuliza. Alikata tu mstari kwenye daftari.

"Nipe hiyo fimbo," akasema.

"Hairuhusiwi. Ni ya halmashauri."

"Watoto wamekwisha kuvuka, Bi Gaynor. Umebaki wewe."

Sijui ni nini kilichomlainisha. Akaitoa. Nathan akaishika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika yeye kiwiko, na pale katikati ya barabara akamwambia yale yale aliyomsikia akiwaambia watoto kwa miaka kumi na tisa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, tutembee, tusikimbie. Bi Gaynor akatii. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Gari la kijivu liliwangoja mpaka wote wawili walipofika ng'ambo.

Nathan alimkalisha dukani juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, akamfunika koti lake mwenyewe, akaita gari la wagonjwa. Mwanamke wa kwenye simu alimuuliza mengi. Ana umri gani? Hajui. Sitini na kitu. Anatumia dawa gani? Hajui. Ana mtu wa karibu?

"Hana, nadhani."

"Na wewe ni nani wake?"

Nathan akamtazama yule mwanamke aliyetetemeka kwenye kreti, akishikilia kofia yake nyeupe mapajani kwa mikono miwili.

"Mimi namuuzia gazeti," akasema.

Bi Gaynor alilazwa siku sita. Uchafu ulikuwa umepanda figoni na kuanza kuingia kwenye damu, na daktari mmoja alimwambia bila kumumunya maneno kwamba angebaki kitandani kwake mpaka Jumatatu, huenda asingeamka. Dawa ya siku tatu ikawa dripu ya siku sita. Akili ilimrudia Jumanne, kidogo kidogo, na kitu cha kwanza kurudi kilikuwa aibu. Alikumbuka kandambili. Alikumbuka honi. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliyekuwa akijaza fomu alimuuliza bila kuinua kichwa, "Na nyumbani kuna nani?"

Mdomo ulifunguka wenyewe kumtaja Des. Akaufunga. Akatazama dirishani.

"Hakuna mtu," akasema. "Nyumbani kwangu hakuna mtu."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti tangu Machi ile. Muuguzi akaandika, akaendelea na swali linalofuata.

Nyumbani aliikuta karatasi ya Rhodri palepale, juu ya mkono wa kiti. Aliisoma. Akaiweka mfukoni, na kesho yake asubuhi, akiwa na likizo ya ugonjwa na hana fimbo, akaenda dukani kwa Nathan. Njia nzima alikariri atakachosema. Alipoingia kulikuwa na mtu mmoja akinunua sigara. Akangoja. Akaingia mwingine, Bi Gaynor akampisha. Akaja wa tatu, naye akampisha, na Nathan akamtazama juu ya bega la yule mtu. Ikabidi sasa ajongee.

"Ndiyo, Bi Gaynor?"

"Pipi za koo," akasema. "Za limau."

Akalipa, akatoka, akafika mpaka ukingoni mwa kivuko chake. Alisimama pale muda mrefu, pakiti mkononi, magari yanapita na hakuna wa kuyasimamisha. Halafu akageuka, akarudi. Dukani alikuwamo mama yake Poppy, ananunua maziwa. Bi Gaynor hakungoja atoke.

"Nathan, mimi naishi peke yangu," akasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Nikichanganyikiwa tena hakuna wa kujua. Nilipewa karatasi hii nimpe mume wangu, na mume wangu alikufa. Nilidanganya. Naomba uishike wewe."

Mama yake Poppy alisogea kando na maziwa yake. Nathan aliipokea karatasi, akaisoma yote, polepole, na mgongo wa kidole chake ukafuata mistari.

"Akianza kuongea visivyo," akasoma. "Hii ngumu, Bi Gaynor. Nitajuaje imeanza lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtania. Bi Gaynor akacheka mpaka akahitaji kushika kaunta. Nathan akachukua utepe wa gundi, akaibandika karatasi ukutani nyuma yake, kando ya orodha ya watu wanaowekewa magazeti. "Gazeti lako likiwa bado hapa saa tatu asubuhi," akasema, "nafunga duka, nakuja kugonga. Mlango wako upi?"

"Namba kumi na nne. Wa kijani."

"Wa kijani." Akaandika pembeni. Mama yake Poppy akalipa, akamgusa Bi Gaynor bega, akatoka bila kusema habari za mvua.

Bi Gaynor alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. Aliona kitu ambacho labda alikuwa akikiona kila siku: ngazi nyembamba nyuma ya kaunta, ya kupandia anakoishi Nathan, na juu yake jozi moja ya viatu.

"Na wewe huko juu, una nani?"

Nathan alikuwa ameanza kupanga magazeti. Hakuacha kuyapanga.

"Nilikuwa na Vasanthi," akasema. "Mke wangu. Huu ni mwaka wa saba tangu afariki."

Mwaka wa saba. Bi Gaynor alihesabu nyuma mwaka mmoja mmoja, na hakuhitaji kuhesabu mpaka mwisho. Aliliona duka limefungwa siku kumi. Alijiona yeye mwenyewe akiingia siku ya kumi na moja na tabasamu lake na salamu zake.

"Nilikuuliza kama ulipata jua," akasema.

"Uliniuliza."

"Nawe ukanijibu nini?"

"Nikakuambia ndiyo," akasema Nathan, "lilikuwa kali sana."